Umri, Ubongo na Lugha: Historia ya Kupima Akili za Wazee na Mafunzo Yake kwa Taaluma ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna wataalamu walivyoyaelewa na kuyapima mabadiliko ya ubongo na akili katika uzee, tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 21. Yanabainisha makosa mawili yaliyotawala historia hiyo: kuuhesabu ugonjwa kuwa ni uzee, na kuihesabu tofauti ya elimu kuwa ni tofauti ya umri. Yanaonyesha pia kwamba ushahidi wa lugha ulichangia kufafanua yale ambayo vipimo vingine vilikuwa vimeyaficha. Mwisho, makala yanajadili mambo mawili yanayoigusa taaluma ya Kiswahili moja kwa moja: lugha ya vipimo wanavyopewa wazee wa Afrika Mashariki, na uaminifu wa kumbukumbu za wazee kama chanzo cha matini za ushairi.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina kauli mbili kuhusu akili ya mzee, na kauli hizo hazipatani. Kwa upande mmoja, wahenga wamesema kuwa penye wazee haliharibiki neno, na kwamba utu uzima ni dawa. Kwa upande mwingine, mzee anayesahau majina ya wanawe au anayeuliza jambo lilelile mara nne kwa asubuhi moja husemwa kuwa amerudi utotoni, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Kauli ya kwanza humweka mzee juu ya kasoro. Ya pili humwondoa katika orodha ya watu wanaoweza kusaidiwa. Zote mbili zinauchukulia uzee kuwa hali moja, inayompata kila mtu kwa namna moja.

Kwa mtaalamu wa fasihi ya Kiswahili, suala hili si la hospitali pekee. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo mwaka 1840. Nyingi katika tungo zake zilidumu vichwani mwa watu kwa takriban nusu karne kabla ya kukusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyeshirikiana na mmisionari William Taylor, na zikachapishwa kama diwani na William Hichens mwaka 1940. Sehemu kubwa ya ushairi wa Mombasa wa karne ya 19 inategemea basi kile ambacho kumbukumbu ya binadamu iliweza kukihifadhi. Swali la kile kinachobaki na kile kinachopotea umri unaposonga ni, kwa hiyo, swali la uhakiki wa matini pia.

2.0 Ugonjwa Ulioitwa Uzee

Mwaka 1881, mwanasaikolojia Mfaransa Théodule Ribot alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya kumbukumbu. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba kumbukumbu haipotei ovyo: mambo mapya hutangulia kupotea, na ya zamani, yaliyozoeleka, hubaki hadi mwisho. Kanuni hiyo ilianzisha pia mjadala kuhusu wajualingi. Kwa mujibu wa mwelekeo wa Ribot, lugha iliyopatikana utotoni ndiyo ingetarajiwa kudumu zaidi baada ya ubongo kudhurika. Mwaka 1895, Albert Pitres alipinga, akadai kuwa inayorejea kwanza ni ile iliyotumiwa zaidi kabla ya maradhi, hata kama si lugha mama. Hakuna kanuni kati ya hizo mbili iliyothibitika kwa wagonjwa wote, lakini mjadala wenyewe ulionyesha mapema kwamba kusahau kuna mpangilio.

Mnamo Novemba 1901, mwanamke mwenye umri wa miaka 51, Auguste Deter, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Daktari Alois Alzheimer aliandika mahojiano yake naye. Alipoulizwa jina lake alijibu jina lake la kwanza. Alipoulizwa jina la ukoo alirudia lilelile. Na hata alipoulizwa jina la mumewe, jibu halikubadilika. Akiwa anakula koliflawa na nyama ya nguruwe, alisema kuwa anakula spinachi. Alipotakiwa kuandika jina lake hakuweza kulimaliza. Mwanaisimu anayesoma kumbukumbu hizo huona mara moja kwamba kosa la spinachi si la ovyo, kwani neno lililokosewa limechukuliwa kutoka katika uga uleule wa maana. Mfumo wa msamiati ulikuwa umeharibika, lakini ulikuwa ungali mfumo.

Auguste Deter alifariki Aprili 1906. Alzheimer aliuchunguza ubongo wake, akaona kusinyaa, mabaka na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli, na Novemba mwaka huohuo akayaeleza hayo mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen. Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipojikita. Kwa kuwa mgonjwa hakuwa mzee, jina jipya lilitumika kwa watu wa umri wa kati, ilhali kupotewa na akili kwa watu wa miaka 70 au 80 kuliendelea kuhesabiwa kuwa matokeo ya kawaida ya uzee. Ilichukua zaidi ya nusu karne kulirekebisha hilo. Mwaka 1968, Blessed, Tomlinson na Roth walionyesha kutokana na utafiti wao wa Newcastle kwamba wingi wa mabaka katika ubongo wa wazee ulihusiana na kiwango cha kudhoofika kwao kiakili. Mwaka 1976, Robert Katzman alitoa hoja kuwa mpaka wa umri hauna msingi, kwamba ugonjwa ni ule ule, na kwamba ni miongoni mwa maradhi yanayoua watu wengi. Waliokwisha kuitwa wazee tu wakawa, kwa hoja hiyo, wagonjwa wenye haki ya kutibiwa.

3.0 Rika Lililodhaniwa Kuwa Umri

Kosa la pili lilitokana na njia ya kupima. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, jeshi lake liliwapa askari mitihani ya akili kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Takwimu zilizochapishwa baadaye zilionyesha kuwa maofisa wenye umri mkubwa walipata alama chache kuliko vijana. David Wechsler, aliyetoa kipimo chake cha akili za watu wazima mwaka 1939, naye alipata mchoro unaofanana: kilele katika ujana, kisha mteremko wa miaka mingi. Ilionekana kama kwamba akili huanza kuzeeka kabla ya mtu kumaliza kulea.

Mitihani hiyo iliwalinganisha watu wa marika tofauti kwa wakati mmoja. Aliyezaliwa mwaka 1870 na aliyezaliwa mwaka 1900 hawatofautiani kwa umri pekee. Hutofautiana pia kwa miaka ya shule, chakula, afya ya utotoni na mazoea ya mitihani. K. Warner Schaie alianza kulitenganisha fungu hilo mwaka 1956 mjini Seattle. Aliwapima watu 500 wenye umri kati ya miaka ya ishirini na sabini, kisha akawarudia walewale kila baada ya miaka saba, huku akiongeza watu wapya. Ulinganisho wa marika ulionyesha mteremko wa mapema; ufuatiliaji wa watu walewale ulionyesha kwamba nyingi katika stadi zilizopimwa zilidumu hadi miaka ya sitini, na kwamba watu walipishana sana. Sehemu ya kile kilichoitwa kuzeeka ilikuwa historia ya jamii iliyosomwa kimakosa kama historia ya ubongo.

Somo hili lina uzito wa pekee Tanzania. Mtu aliyefikisha miaka 70 mwaka 2010 alizaliwa mwaka 1940 au kabla, wakati wa ukoloni, ambapo shule zilikuwa chache na wasichana wengi hawakuzifikia. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote, lilimkuta akiwa mtu mzima. Kumlinganisha na mjukuu wake kwa mtihani wa kalamu na karatasi ni kulinganisha sera mbili za elimu, kisha kuita tofauti hiyo uzee.

4.0 Kinachopungua na Kinachobaki

Katika miaka ya 1960, Raymond Cattell na John Horn walipendekeza mgawanyo ambao bado unatumika. Ipo akili ya kukabili jambo jipya: kugundua mpangilio usiozoeleka, kushika mambo kadhaa kichwani kwa pamoja, kubadili njia haraka. Ipo pia akili limbikizi, inayotokana na yale mtu aliyojifunza na kuyatumia, hasa msamiati na maarifa. Ya kwanza hupungua taratibu tangu utu uzima wa mapema. Ya pili huendelea kukua au kudumu kwa miongo mingi. Timothy Salthouse (1996) aliongeza kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo yaweza kuelezwa na kupungua kwa kasi ya kuchakata taarifa: hatua ya mwanzo ya fikra huanza kufifia kabla hatua ya mwisho haijakamilika.

Elimu ya ubongo nayo ilipitia marekebisho. Hesabu za miaka ya 1950 zilifanya iaminike kwamba seli za neva hufa kwa wingi kadiri mtu anavyozeeka. Baadaye ilibainika kwamba baadhi ya hesabu hizo ziliathiriwa na jinsi tishu zinavyosinyaa zinapotayarishwa kwa hadubini. Pakkenberg na Gundersen (1997), kwa njia bora zaidi ya kuhesabu, walikuta tofauti ya takriban asilimia 10 tu ya seli za gamba la ubongo kati ya umri wa miaka 20 na 90. Ubongo wenye afya husinyaa, hasa sehemu za mbele, na miunganiko ya seli hupungua. Lakini hauanguki kama jengo lililoliwa na mchwa.

Katika lugha, mgawanyo huu huonekana wazi. Msamiati wa mzee mwenye afya kwa kawaida hauwi mdogo kuliko wa kijana. Kinachodhoofika ni njia ya kulifikia neno kwa wakati. Brown na McNeill (1966) walichunguza hali ya neno kuwa ulimini lakini kukataa kutoka, na Burke na wenzake (1991) wakaonyesha kuwa hali hiyo huongezeka na umri, hasa kwa majina ya watu. Maana ipo, umbo la sauti ndilo linalochelewa. Vigliocco na wenzake (1997) waligundua kwamba wasemaji wa Kiitaliano waliokwama hivyo mara nyingi waliijua jinsia ya kisarufi ya nomino wasiyoweza kuitamka. Kiswahili, chenye ngeli nyingi, kingeweza kulipima jambo hili kwa undani zaidi. Mzee anaposema “nipe kile, kile kinanihii,” upatanisho wa kisarufi umekwisha kutoka kinywani kabla ya nomino kupatikana. Ikiwa ngeli hudumu wakati jina linapokwama, na kuyumba pale tu ugonjwa unapoingia, basi ngeli zingeweza kuwa kipimo ambacho lugha nyingi zilizotumika katika tafiti hizo hazina.

5.0 Ushahidi wa Maandishi na Wingi wa Lugha

Tafiti tatu zilizotumia lugha kama ushahidi zimepata umaarufu. Ya kwanza ni ya watawa wa Kikatoliki nchini Marekani, iliyoanzishwa na David Snowdon mwaka 1986 na kuwahusisha watawa 678 wenye umri wa miaka 75 na zaidi. Baadhi yao walikuwa wameandika wasifu mfupi walipokuwa na wastani wa miaka 22. Katika wasifu wa watawa 93, Snowdon, Susan Kemper na wenzao (1996) walihesabu wingi wa mawazo kwa kila maneno kumi, wakakuta kwamba walioandika kwa mawazo machache ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya ugonjwa wa Alzheimer miongo sita baadaye. Matokeo hayo hayasemi kama lugha pevu huukinga ubongo au kama lugha hafifu ni dalili ya mapema mno ya ugonjwa. Yanasema tu kwamba historia ya ubongo wa mzee huanza ujanani.

Ya pili ni ya riwaya za Iris Murdoch. Garrard na wenzake (2005) walilinganisha riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1954, nyingine ya mwaka 1978, na ya mwisho, Jackson's Dilemma, ya mwaka 1995. Sintaksia haikubadilika sana, ila msamiati wa riwaya ya mwisho ulikuwa umepungua aina na kuelemea maneno ya kawaida. Murdoch alifariki mwaka 1999 na ubongo wake ulithibitisha ugonjwa wa Alzheimer. Wahakiki wanaosoma kazi za uzeeni za mwandishi yeyote wana hapa onyo la namna mbili: wasiharakishe kuita udhaifu kile ambacho ni mtindo, wala wasiite mtindo kile ambacho ni maradhi.

Ya tatu inahusu ujualugha zaidi ya moja. Bialystok, Craik na Freedman (2007), waliochunguza wagonjwa 184 mjini Toronto, waliripoti kuwa dalili za demensia kwa wajualugha mbili zilichelewa kwa takriban miaka minne. Alladi na wenzake (2013) walipata tofauti ya miaka minne na nusu kwa wagonjwa 648 mjini Hyderabad, ikiwa ni pamoja na wasiojua kusoma. Hata hivyo, tafiti kadhaa zilizowafuatilia wazee kabla hawajaugua hazikuiona tofauti hiyo, na mjadala haujafungwa. Katika Afrika Mashariki swali linahitaji kuundwa upya. Mzee wa Moshi aliyekulia katika Kichaga, akasali na kufanya biashara kwa Kiswahili, hana jirani wa lugha moja wa kulinganishwa naye. Kinachoweza kulinganishwa ni namna na kiasi cha matumizi: nani alibadili lugha kila siku, na nani alibaki katika moja kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

6.0 Kupima kwa Kiswahili

Kipimo kifupi kilichoenea zaidi duniani ni kile cha alama 30 kilichotolewa na Folstein na wenzake mwaka 1975. Humtaka mtu kusoma agizo na kulitii, kuandika sentensi, kunakili mchoro, kutoa saba mfululizo kuanzia mia au kutaja herufi za neno kinyumenyume. Mwaka 1993, Crum na wenzake walichapisha takwimu za zaidi ya watu 18,000 nchini Marekani zilizoonyesha kuwa alama hutegemea sana miaka ya shule, mbali na umri. Tatizo hilo huwa kubwa zaidi kipimo kinapovuka lugha. Swali la majira ya mwaka, lililotungwa kwa jamii yenye majira manne, hukutana na msemaji anayehesabu kwa masika, vuli, kusi na kaskazi. Sentensi ya kurudiwa, iliyochaguliwa kwa ugumu wa viunganishi vyake katika Kiingereza, hupoteza ugumu huo inapotafsiriwa.

Suala la kutaja herufi kinyumenyume linastahili kuangaliwa kwa karibu. Kazi hiyo inakusudia kupima umakini, lakini inamtaka mtu awe na herufi kichwani. Asiyesoma hana herufi, ana silabi. Waswahili wamekuwa na mchezo wa kinyume, ambao Edward Steere aliueleza tangu mwaka 1870, ambapo silabi ya mwisho hupelekwa mwanzoni: nyumba ikawa mbanyu. Anayecheza kinyume hushika neno, hulivunja, na kulipanga upya, yaani hufanya kazi ileile ya akili bila kalamu. Kipimo kilichojengwa juu ya silabi kingempima mzee kwa kile alicho nacho.

Hatua njema zimekwisha kupigwa. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, utafiti uliofanyika mwaka 2010 na kuchapishwa na Longdon na wenzake (2013) uliwahusu watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, ukakadiria kiwango cha demensia kuwa asilimia 6.4 baada ya kusawazisha umri. Uwanja huohuo ulizaa kipimo kifupi cha vipengele sita kilichochapishwa mwaka 2014, kisichomtaka mtu kusoma wala kuandika. Miongoni mwa kazi zake ni kupanga njiti za kiberiti, kukumbuka maneno baada ya muda, na kutaja wanyama wengi kadiri iwezekanavyo kwa dakika moja. Hata hapa mwanaisimu ana la kuongeza. Katika mazungumzo ya kawaida ya Kiswahili, ndege, samaki na mdudu mara nyingi hawaitwi wanyama. Mzee anayeiheshimu mipaka hiyo ya maana atakuwa na orodha fupi kuliko aliyefundishwa shuleni kwamba hata inzi ni mnyama. Tofauti hiyo itaandikwa kwenye fomu kama upungufu wa akili, kumbe ni uaminifu kwa lugha.

7.0 Kumbukumbu ya Mzee na Matini ya Ushairi

Inabaki hoja ya tungo zilizohifadhiwa vichwani. Fergus Craik (1986) alieleza kuwa upungufu wa kumbukumbu katika uzee hutegemea msaada unaotolewa na kazi yenyewe: mzee hushindwa zaidi anapotakiwa kukumbuka bila kidokezo, na hukaribia kijana anapopewa kidokezo. David Rubin (1995) naye alionyesha kwamba katika fasihi simulizi vina, mapigo na maana hubana uteuzi wa maneno kiasi kwamba neno moja huliita jingine. Hoja hizi mbili zikiunganishwa, shairi la mizani kumi na sita lenye vina vya kati na vya mwisho ni kidokezo kirefu kilichopangwa. Kusahau uzeeni kunakoathiri habari za jana hakulazimiki kuathiri kwa kiwango hicho shairi lililokaririwa ujanani.

Hata hivyo, ulinzi huo haulingani katika kila sehemu ya mshororo. Neno la Kimvita mato na mwenzake wa Kiunguja macho yana silabi mbili kila moja. Penye kina cha -to, mbadala huo hauwezekani. Utavunja kina na msikilizaji atashtuka. Katikati ya kipande, macho yaweza kuchukua nafasi ya mato bila mizani kuteteleka. Mhariri wa matini zilizokusanywa kutoka kwa wazee ana sababu, basi, ya kuyaamini maneno ya vina kuliko ya katikati, na kuyatafuta mabadiliko ya lahaja pale ambapo kina hakikulinda. Kanuni hii haidai kwamba mzee fulani alikosea. Inaeleza mahali ambapo kumbukumbu yoyote ya binadamu, iwe ya mzee au ya kijana, ina uhuru wa kubadili.

8.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa haiungi mkono kauli yoyote kati ya mbili zilizotajwa mwanzoni. Uzee hauhakikishi kuwa neno halitaharibika, wala haumrudishi mtu utotoni. Kasi hupungua na majina hukwama, ilhali msamiati na maarifa hudumu. Na pale ambapo mtu hajijui wala hawajui wanawe, si uzee, ni ugonjwa. Ilichukua sayansi ya Ulaya na Marekani zaidi ya nusu karne kuutambua mpaka huo, na kiasi kikubwa cha kuchelewa huko kilitokana na kuuliza maswali yasiyofaa kwa watu waliokuwa wakiulizwa. Vipimo vinavyotumiwa katika lugha ya Kiswahili bado vina nafasi ya kuepuka ucheleweshaji huo, iwapo wanaovitunga watakaa meza moja na wanaoijua silabi, ngeli na mipaka ya maana ya lugha hii. Vinginevyo mzee atapoteza alama kwa kukosa herufi ambazo hakuwahi kufundishwa, na aliye mgonjwa kweli ataambiwa kuwa ni umri tu.